Wasomaji Wanauliza: Miaka Sita Nimejificha Nyuma ya Simu

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 34 na ninaishi Morogoro. Tangu nilipojifungua mtoto wa kwanza mwili wangu umebadilika, na kwa miaka sita sasa kila inapotolewa simu ya kupiga picha, mimi ndiye ninayejitolea kuishika ili nisiwemo. Mwezi uliopita mwanangu aliambiwa apeleke shuleni picha ya familia. Tulipekua simu zote mbili za nyumbani, hatukupata hata moja yenye sura yangu, akapeleka picha ya baba na mdogo wake. Mume wangu anashauri twende kwa mpiga picha mzuri, lakini naogopa kutoa fedha ili nithibitishiwe yale ninayoyaona kwenye simu kila siku: mashavu, kidevu cha pili na pua pana. Je, picha inaweza kweli kumfanya mtu aridhike na mwili wake, au ni maneno ya biashara tu? Na nikikubali kwenda, nitamjuaje anayenifaa?

Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba, mama. Naomba tuanze na hiyo pua, kwa sababu unaihukumu kwa ushahidi wa uongo.

Mtu anayejipiga picha kwa simu huishika umbali wa mkono uliokunjwa kidogo, yaani sentimita 30 au 40 kutoka usoni. Kwa umbali huo pua iko karibu na lenzi kuliko masikio kwa sentimita kumi na ushei, na hiyo ni theluthi ya safari nzima kutoka kwenye lenzi hadi usoni. Kwa hiyo kilicho mbele huvimba na kilicho nyuma hunywea. Rudi nyuma mita mbili, na zile sentimita kumi hazina tena uzito wowote. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huipanua pua kwa takriban asilimia 30, ikilinganishwa na picha ya umbali wa mita moja na nusu. Walilazimika kupiga hesabu hiyo kwa sababu wagonjwa walikuwa wakija na simu mkononi kuomba wapunguzwe pua ambazo hazikuwa na tatizo.

Jambo la pili ni kioo. Uso wa mwanadamu haulingani kulia na kushoto, na wewe umeuzoea ule uliogeuzwa, unaouona kila asubuhi unapochana nywele. Picha inakuonyesha kama tunavyokuona sisi wengine, na ndiyo maana unajiona umepinda. Watafiti wa Marekani walilijaribu jambo hili mwaka 1977 kwa kuwaonyesha wanawake picha zao za aina mbili, ya kawaida na iliyogeuzwa: wenyewe walielekea kuipenda iliyogeuzwa, ilhali rafiki zao waliipenda ile ya kawaida. Wapo watu nyumbani kwako wanaoipenda hiyo sura unayoikimbia, na wanaifahamu vizuri kuliko wewe.

Sasa nikujibu swali lenyewe. Nimefanya kazi hii ya kupiga picha kwa miaka mingi na ninasema bila kuuma maneno kwamba picha haimtibu mtu. Ikiwa kuuchukia mwili kumefika mahali unashindwa kula, unaacha kwenda kwenye shughuli za watu, au unatumia saa kadhaa kwa siku ukijikagua, mtafute kwanza mshauri wa saikolojia, picha itasubiri. Lakini kwa aibu ya kawaida kama hii uliyoieleza, kukaa mbele ya kamera kwa utulivu husaidia, na wala si kwa sababu ya urembo. Husaidia kwa sababu ni mara chache sana mtu mzima hutazamwa kwa saa nzima na mtu asiye na haraka, asiyemdai kitu na asiyemlinganisha na yeyote.

Bibi zetu walilijua hili. Mjini Zanzibar, ambako studio kama Capital Art ilifunguliwa mwaka 1930, na vilevile Mombasa na Lamu, watu walikwenda studio Sikukuu ya Idi wakiwa na nguo zao bora, wakasimama kando ya stuli yenye chombo cha maua, wakapigwa picha moja au mbili, basi. Kule Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 akawa anawaazima wateja suti, saa na hata redio, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka ya kitandani kwake mwenyewe. Zitazame picha za zama hizo: wamo wanene, wembamba, wazee, wenye mimba. Sidhani kama kuna aliyeambiwa apungue kwanza ndipo aje.

Nakumbuka mteja mmoja, mwalimu wa sekondari, aliyeingia akiwa amebana mkoba tumboni kama ngao. Sikumwambia auweke chini. Nilimpa kanga mbili nikamwomba anisaidie kuzikunja, kwa kuwa nilizihitaji, huku kamera ikiwa juu ya miguu yake mitatu na mimi nikiongea naye habari za mitihani. Picha za dakika ishirini za mwanzo hazikufaa, na huwa hazifai kwa mtu yeyote. Mabega yako juu, tabasamu ni la kitambulisho. Kwenye kanga ya pili alicheka kuhusu mwanafunzi wake mmoja, akainua uso kuelekea dirishani, na mkoba ulikuwa sakafuni bila mwenyewe kujua ameuweka saa ngapi. Nilipomwonyesha picha hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Huyu ni mama yangu." Hakusema amependeza. Aliiomba iwe ya kwanza kuchapishwa.

Kwa hiyo, unapomtafuta mpiga picha, usidanganywe na ukubwa wa kamera yake. Kila mmoja ana picha kumi nzuri za kuweka mtandaoni. Mwombe akuonyeshe kazi nzima ya mteja mmoja, kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, kwa idhini ya mteja huyo. Humo ndimo utakapoona kama anaweza kumtuliza mtu au alibahatisha mara moja. Tazama kama katika kazi zake wamo wenye umbo na umri kama wako. Asiyewahi kumpiga picha mwanamke mnene ila kwa kumficha nyuma ya mti au mtoto, nawe atakuficha.

Tazama pia ngozi. Kamera ikiachwa ijiamulie mwanga hujaribu kukifanya kila kitu kiwe cha kijivu cha wastani, kwa hiyo mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga kwa ajili ya ukuta na uso unakuwa giza. Si jambo geni: kwa miaka mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, na sisi wengine tukatoka meno na macho tu. Mpiga picha anayeijua kazi yake hupima mwanga usoni mwa mtu, kisha hutumia mwanga mpana wa ubavuni, wa dirisha au wa taa iliyofunikwa kitambaa, ili weusi au maji ya kunde yako yawe na mng'ao badala ya kuwa majivu. Ukiona katika kazi zake watu wote wametoka na rangi moja ya chungwa, au wamepaushwa, aga kwa adabu.

Halafu zungumza naye kabla ya siku yenyewe, na umsikilize anavyouzungumzia mwili wako. Anayesema "tutakupunguza kwenye kompyuta" kabla hujaomba amekwishakuhukumu. Anayefaa atakuuliza picha ni za nani, zitakaa wapi, na kuna sehemu gani ya mwili usiyopenda iguswe au itajwe. Uliza nani mwingine atakuwapo chumbani, kama kuna mahali pa kubadilishia nguo penye mlango unaofungwa, na kama unaweza kuja na dada au shoga yako. Akisitasita hapo, umeshapata jibu. Mpiga picha hana sababu ya kukushika ili akupange. Husimama mahali pake akaonyesha kwa mwili wake mwenyewe, nawe ukaiga.

Kidevu cha pili kina dawa ya bure: sogeza paji la uso mbele kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani, kisha shusha kidevu kidogo tu. Utahisi unafanya kichekesho, lakini kwenye picha shingo itajitokeza. Mikono isibane mbavu, na uzito wa mwili uuweke kwenye mguu wa nyuma. Vaa nguo uliyokwisha kuivaa na kuizoea, si mpya iliyotoka kwa fundi jana yake. Na siku hiyo usipake losheni ya kuzuia jua yenye zinki ikiwa flashi itatumika, maana uso utatoka mweupe kama uliopakwa chokaa.

Makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu: idadi ya picha, tarehe ya kuzipata, bei, malipo ya awali, na hasa kama anaruhusiwa kuzitangaza. Punguzo la bei lisiwe njia ya kununua ruhusa yako kimyakimya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Chini ya sheria zote mbili picha inayokutambulisha ni taarifa yako binafsi, na ridhaa uliyoitoa unaweza kuiondoa.

Picha zikifika, usizipitie zote usiku huohuo. Mpe mume wako na watoto wachague tatu kwanza, kisha uziangalie hizo tatu kwa wiki nzima kabla hujafuta chochote.

SWALI

Dada mhariri, hujambo. Nina kovu la moto kuanzia shavuni hadi shingoni, nililolipata nikiwa na miaka tisa. Katika harusi ya kaka yangu hapa Mombasa nilisimama kwenye picha za familia bila wasiwasi. Picha zilipokuja, mpiga picha alikuwa amelifuta kovu langu lote. Kila mtu alisema nimependeza, isipokuwa mtoto wa dada yangu aliyeniuliza, "Mjomba, wewe ulikuwa wapi?" Je, ninakosea kukasirika, ilhali alikusudia wema?

Kijana wa Mombasa

JIBU

Sijambo, ndugu yangu. Hukosei, na mpwa wako amelisema jambo lote kwa maneno manne.

Katika kazi yetu iko kanuni ambayo wengi huifuata bila kuiandika: kitakachoondoka chenyewe baada ya wiki mbili, kama chunusi, alama ya kuumwa na mbu au mkwaruzo wa wembe, kinaweza kusafishwa, kilicho sehemu ya mtu, kama kovu, mbalanga, alama ya kuzaliwa au pengo la meno, hakiguswi mpaka mwenyewe aombe. Wengi wanaovuka mpaka huu hawana nia mbaya. Programu za siku hizi hulainisha ngozi zenyewe kwa kubonyeza mara moja, na mtu aliyekabidhiwa picha mia sita za harusi hubonyeza bila kutazama. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini kwangu haitoshi, kwa kuwa picha ya familia ndiyo itakayowaambia watakaozaliwa kesho kwamba mjomba wao alikuwa hivi.

Mwandikie, au bora kaka yako amwandikie kwa kuwa ndiye aliyemwajiri, mwombe nakala za picha hizo kabla ya kusafishwa. Fanya hivyo mapema, kwa sababu wapiga picha wengi hufuta mafaili ya awali baada ya miezi michache ili kupata nafasi kwenye diski. Taja namba ya kila picha. Usieleze mengi, "kovu langu lirudishwe" linatosha. Siku nyingine utakapopigwa picha peke yako, mwambie mpiga picha kabla hajawasha taa kama unataka upande huo uwe mbele. Mwanga wa ubavuni utaonyesha mikunjo yote ya kovu, ule wa mbele utailaza. Uchaguzi ni wako, si wake.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Kigoma, na sina uwezo wa kulipa studio. Naweza kujipiga picha za namna hii kwa simu?

Msichana wa Ziwani

JIBU

Unaweza kabisa, mdogo wangu. Tumia kamera ya nyuma, si ya mbele. Iegemeze simu kwenye rundo la vitabu kwa kimo cha macho yako, weka kipima muda cha sekunde kumi, nawe ukae mita mbili kutoka hapo, ubavu wako ukielekea dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Kisha ukate pembeni baadaye uso ukionekana mdogo. Zima kile kirembesho cha kulainisha uso ambacho simu nyingi huja nacho kikiwa kimewashwa, maana usipokizima utajifunza kumpenda mtu mwingine. Piga hamsini ukiwa unafanya kitu, kusuka au kumenya chungwa. Na kabla ya yote futa lenzi kwa upindo wa kanga, kwa sababu ukungu mwingi ninaoletewa nirekebishe ni mafuta ya mfukoni tu.