Kupima Uchovu wa Misuli na Macho kwa Wabanguaji wa Korosho

Kwa yeyote anayekusudia kupima uchovu katika viwanda vya korosho hapa Mtwara, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba amlinganishe mfanyakazi na yeye mwenyewe, si na mwenzake wa meza ya pili. Mama aliyebangua kwa miaka mingi aweza kuwa na mshiko wenye nguvu zaidi jioni kuliko wa kijana mgeni wa kazi asubuhi, na tofauti hiyo haisemi lolote kuhusu uchovu. Kipimo cha asubuhi, kabla kazi haijaanza, ndicho msingi wa hesabu zote za siku.

Kwa mikono, dainamomita ya mshiko, yaani kifaa kinachopima nguvu ya mkono unapobana, yatosha mara nyingi. Anayepimwa aketi, akunje kiwiko nyuzi 90, abane kwa nguvu zake zote mara tatu na kupumzika takriban dakika moja kila baada ya kubana. Maneno ya kumhimiza yawe yale yale kwa wote, kwa kuwa sauti ya mpimaji nayo huongeza kilo. Jambo linalopuuzwa mno ni muda. Nguvu ya msuli huanza kurudi mara kazi inapokoma, na sehemu kubwa yaweza kurejea ndani ya dakika chache, kwa hiyo anayewaita watu ofisini, akawapanga foleni na kuwasomea fomu, hupima mapumziko badala ya uchovu. Fomu ya ridhaa isainiwe asubuhi, na kifaa kipelekwe mezani.

Elektromaiografia ya juu ya ngozi, yaani kupima umeme wa msuli kwa elektrodi zinazobandikwa kwenye ngozi, hueleza zaidi: msuli unapochoka huku ukishikilia nguvu ile ile, ukubwa wa mawimbi yake ya umeme huongezeka ilhali masafa yake ya kati, yaani kasi ya mawimbi hayo kwa sekunde, hushuka. Hata hivyo, katika joto la Novemba jasho hulegeza elektrodi. Ngozi isafishwe kwa spiriti, na iliyoungua kwa mafuta ya maganda isiguswe kabisa.

Macho yana shida zake, hasa kwa wapangaji wa madaraja, wanaotenganisha W240 na W320, yaani punje zisizozidi 240 au 320 kwa ratili, kwa kutazama tu. Kipimo kimojawapo ni mwanga unaomwekamweka kwa kasi inayoongezwa hadi uonekane umetulia. Macho yaliyochoka huuona umetulia mapema zaidi. Mwangaza wa chumba hubadili jibu, hivyo nafasi moja yenye kivuli itumike asubuhi na jioni. Kingine ni kusogeza alama ndogo kuelekea jicho mpaka ififie. Ikianza kufifia mbali zaidi kuliko asubuhi, uwezo wa kulenga karibu umepungua. Waliovuka miaka 45 huanza wakiwa na umbali mkubwa kwa sababu ya umri, jambo ambalo si ugonjwa wala uvivu.

Vifaa pekee visitegemewe; mfanyakazi aulizwe pia. Mizani ya Gunnar Borg, ambayo kwayo mtu hutaja mwenyewe namba ya jinsi anavyohisi ugumu wa kazi, kuanzia 6 hadi 20, isomwe kwa sauti, msimamizi akiwa mbali, kwa maana anayelipwa kwa kilo hatakiri kuchoka mbele ya mtu anayegawa kazi. Muda ambao mfanyakazi ameutoa kupimwa ulipwe pia; asipolipwa atabana haraka haraka ili arudi kwenye korosho zake, na namba zitakazopatikana hazitafaa kitu.

Vipimo vya Ramadhani visichanganywe na vya miezi mingine, kwani wengi hapa hufunga, na njaa na kiu zaweza kushusha mshiko hata kwa mtu ambaye hajabangua chochote.