Vinundu vyenye maumivu miguuni: je, ni ugonjwa wa ngozi tu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Morogoro. Kwa wiki mbili sasa nimetokwa na vinundu vigumu kwenye miundi ya miguu yote miwili. Vinauma nikivigusa, magoti na vifundo vya miguu vinauma, na jioni napata homa. Duka la dawa walinipa mafuta ya kupaka, hayakusaidia, na sasa wananishauri ninunue prednisoloni. Je, niitumie?

JIBU: Usiitumie kwanza, dada. Prednisoloni ni dawa nzuri inapotolewa mahali pake, lakini hupunguza nguvu ya kinga ya mwili, na iwapo chanzo cha vinundu hivyo ni kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, utapata nafuu ya siku chache huku ugonjwa wenyewe ukizidi kuenea.

Maelezo yako yanafanana sana na hali iitwayo erithema nodosamu, ambayo ni uvimbe wa tabaka la mafuta lililo chini ya ngozi. Kwa kawaida vijidudu havimo ndani ya vinundu vyenyewe. Kinga ya mwili ndiyo inayopambana na jambo lililoko kwingine, na ndiyo maana mafuta ya kupaka hayakufua dafu. Vitabu vingi husema vinundu hivi huwa vyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, hivyo joto na maumivu yanayohisiwa kwa mkono ni ishara za kutegemewa zaidi kuliko rangi.

Chanzo kinaweza kuwa maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokokasi yaliyotangulia kwa wiki mbili au tatu, kifua kikuu, ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za salfa kama kotrimoksazoli, au magonjwa ya uchochezi ya utumbo, yaani yale yanayovimbisha utumbo kwa muda mrefu. Wakati mwingine chanzo hakipatikani kabisa. Kwa mazingira yetu, hata hivyo, ningeanza na kifua kikuu: mweleze daktari kama una kikohozi, jasho la usiku au umepungua uzito, na uombe picha ya eksirei ya kifua, kipimo cha makohozi ikiwa unakohoa, na kipimo cha ujauzito. Taja pia kila dawa uliyotumia hivi karibuni.

Lipo jambo ambalo husahaulika, nalo ni ukoma. Mtu mwenye ukoma, hata aliyekwisha kumaliza dawa mseto za kutibu ukoma, anaweza kupata mmenyuko, yaani kinga ya mwili kuchachamaa ghafla, wenye vinundu vinavyouma usoni, mikononi na miguuni, pamoja na homa. Ukiwa na mabaka yenye ganzi, udhaifu wa mikono au miguu, au macho mekundu yanayouma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa neva na macho vinaweza kuharibika kwa kudumu.

Kwa sasa pumzika, inua miguu unapokaa, wala usivikamue vinundu, maana havina usaha. Ibuprofeni hutuliza maumivu, ila usiitumie kabla ya kupima ujauzito, wala kama una vidonda vya tumbo. Vinundu vya aina hii kwa kawaida hupotea ndani ya wiki tatu hadi sita, vikiacha alama kama za kuvilia damu. Vikichimbika na kuwa vidonda, hasa nyuma kwenye shavu la mguu, daktari atahitaji kuchukua kipande kidogo cha ngozi kwa uchunguzi wa maabara.