Jibu: Wahojiwa wote wanapata sifuri kwenye dodoso la sonona

Assalam aleykum, ndugu. Umeeleza kwamba wahojiwa wako wa Likoni karibu wote wanapata sifuri, yaani hawana dalili yoyote, kwenye PHQ-9 (dodoso la maswali 9 la kupima sonona), ilhali unawaona wamelemewa. Nilipokuwa kwenye maabara ya saikolojia ya tiba chuoni tulikwama mahali hapo hapo. Kwanza hakikisha msaidizi wako anakumbusha "wiki 2 zilizopita" katika kila swali, kwani bila hivyo mtu hujibu hali ya dakika ile, na mgeni huambiwa "sijambo". Mama mmoja alikana huzuni huku akisokota ncha ya leso. Nilipomuuliza kuhusu mawazo na usingizi, alizungumza nusu saa. Hata hivyo, maneno ya dodoso lenyewe usiyabadilishe, la sivyo alama zako hazitalinganishika na za wengine. Atakayejibu zaidi ya sifuri swali la 9, la kujidhuru, tafadhali asiachwe aondoke kabla msimamizi hajazungumza naye.