Mkuu, acha habari ya bati kwanza. Fomu ya mirathi umeiona?

Rudisha hizo hela mfukoni. Umeandika una milioni 14, umepata nyumba chakavu Mkuranga, mzee alishafariki, watoto wanauza, dalali anataka advansi kabla ya Ijumaa, na wewe unauliza uanze na bati au plasta, na umeme utauvutaje. Bati halina haraka. Nani anakuuzia?

Mimi nami nilinunua nyumba ya marehemu kama hiyo, nikaonyeshwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Karatasi safi, muhuri wa kijiji, sahihi zimejaa hadi chini, pembeni dole gumba la bibi mmoja kwa wino wa bluu. Dalali akasema, "Kaka, ukoo wote umeridhia, hapa hakuna wa kukusumbua." Uongo, na alijua ni uongo, maana kabla yangu alishapeleka mteja mwingine pale, mteja huyo akauliza mirathi, akaondoka. Hilo nililisikia baadaye kwa majirani.

Muhtasari wa ukoo unapendekeza tu jina la msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama. Mahakama ya Mwanzo ikishamteua inampa Fomu namba 4, ndiyo hiyo fomu niliyokuuliza, na mwenye hiyo ndiye mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Mwingine yeyote, hata awe mtoto wa kwanza aliyezaliwa humohumo ndani, anakuuzia kisicho chake.

Nikalipa milioni 9. Nikashusha kenchi zote, yaani mbao zinazobeba paa, mchwa walikuwa wamezila hadi ukizibonyeza kwa kidole zinamwagika unga. Nikaweka mbao za dawa, bati geji 28 nyumba nzima, linta mpya upande wa jikoni. Fundi yuko juu anapiga kofia za bati, anaingia mama mmoja na wito mkononi. Mtoto wa marehemu kwa mke mkubwa, anaishi Tabora, kikao hakuwahi kukisikia.

Tukaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Ikashindikana, tukaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nauli, wakili, shauri linaahirishwa, unarudi Dar, unaenda tena. Mwisho mauzo yakabatilishwa, nikaambiwa nimdai aliyeniuzia. Yule hela alishanunulia bodaboda na bodaboda ilishaibiwa. Bati zangu ziko kule, wanalala chini yake wao. Dalali alichukua asilimia kumi yake siku ileile, namba haipatikani, na nasikia sasa anazungusha watu Kisarawe. Inaniuma hadi leo, maana anayezungushwa ni mtu kama wewe, mwenye akiba ya miaka.

Na usiniambie mwenyekiti ameweka muhuri. Kama ni ardhi ya kijiji, inayotakiwa kukaa na kuridhia ni halmashauri ya kijiji, ndivyo inavyotaka Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999. Mwenyekiti peke yake si halmashauri. Hata ungekuwa unanunua kwa mzee mwenyewe akiwa hai, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, soma kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971.

Bila Fomu namba 4 usitoe hata hela ya soda ya dalali. Na ukiletewa, usiishie kuitazama, karatasi inachapwa steshenari yoyote. Nenda mahakama iliyoitoa, taja namba ya shauri, omba kuona jalada. Angalia warithi waliotajwa, kisha waulize majirani wazee marehemu alikuwa na wake wangapi na watoto wako wapi. Jina lililokosekana ndilo litakalokuja na wito.

Kesho mpigie dalali, muulize msimamizi wa mirathi ni nani na aliteuliwa mahakama gani. Akianza "kaka, huku mambo yanaenda kiukoo", kata simu, halafu uje utuambie hapa ni kijiji gani ili na wengine wajue.