Bosi anatokwa na damu puani, na mama mkwe anataka atoke nyumbani

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa wangu anaitwa Bosi, ana miaka minne, uzito kama kilo 20. Tulimpata akiwa mdogo wa kuenea kwenye sufuria ya wali, na kwetu ni mtoto wa tatu. Analala ndani, kwenye zulia kando ya kitanda cha mwanangu, na anakula tunachokula: ugali, mchuzi, dagaa. Wiki iliyopita alianza kunyong'onyea, chakula anakinusa tu. Jana asubuhi nimekuta matone ya damu sakafuni, kumbe inatoka puani. Mwaka jana aliwahi kupata homa, mtaalamu wa mtaani akamchoma sindano mbili akapona kabisa. Juzi nimempa nusu kidonge cha parasetamoli, na duka la dawa wameniambia nimwongezee diklofenaki. Kupe nawatoa kila siku lakini hawaishi. Mama mkwe anasema huyu mbwa atatuletea maradhi, aondoke. Nifanye nini? — Mama wa watoto wawili, Kihonda, Morogoro.

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na la leo usiku.

Hiyo diklofenaki usimpe, hata robo. Wala ibuprofeni, wala aspirini. Dawa hizi humtoboa mbwa vidonda tumboni na kumuumiza figo, na kwa mbwa ambaye tayari damu yake haigandi vizuri zinazidisha uvujaji. Parasetamoli nayo usiirudie; ikizidi kipimo hushambulia ini na chembe nyekundu za damu, na yeye kwa sasa hana chembe za kupoteza. (Kama una paka, ficha kabisa: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua.) Sina ugomvi na muuza dawa, yeye kasomea dawa za watu. Ila mbwa si mtu mdogo mwenye manyoya. Katika kazi hii nimeona mbwa wanaopendwa sana wakiumia kwa njia hiyo hiyo: mwenye mbwa wa kufungwa mnyororo uani hamgawii mbwa wake dawa za kabatini, anayempa ni yule anayelala naye chumba kimoja.

Pua ikitoka damu tena, mlaze mahali patulivu, funga barafu kwenye kitambaa uiweke juu ya mgongo wa pua. Usimsukumie pamba ndani. Kisha inua mdomo wake wa juu utazame ufizi. Ufizi wa mbwa mzima ni wa waridi. Ukiubonyeza kwa kidole unageuka mweupe, ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Ukiukuta umepauka kama karatasi, au una vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano, usingoje kesho. Kwa bahati uko Morogoro, na hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) haiko mbali na wewe. Mbwa aliyepungukiwa damu kiasi hicho huenda akahitaji kuongezewa, na hilo halifanyiki sebuleni.

Sasa ugonjwa. Bila kumgusa Bosi siwezi kuapa, lakini kupe wasioisha, mbwa aliyenyong'onyea, damu puani, na ile homa ya mwaka jana "iliyopona kabisa", vyote vinanielekeza kwenye ugonjwa wa kupe unaoletwa na bakteria aitwaye Ehrlichia canis. Ulielezwa mara ya kwanza Aljeria mwaka 1935, na leo uko kila mahali penye joto na kupe wa kahawia wa mbwa, yaani kuanzia Mombasa hadi Mtwara na bara yote.

Bakteria huyu huingia na mate ya kupe na kujificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Baada ya wiki moja hadi tatu mbwa hupata homa, hukosa hamu ya kula, tezi huvimba. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapotegeka, mbwa wengi huonekana wamepona. Wanakula, wanabweka, wanafukuza bodaboda. Bakteria bado yumo, kwenye wengu, na anaweza kukaa miezi au hata miaka. Siku kinga ikilegea anaibuka, na safari hii hushambulia mpaka uboho wa mifupa unakoundwa damu. Chembe sahani, zile zinazoziba kila mahali mshipa ulipochanika, hupungua. Mbwa mzima huwa nazo zaidi ya 150,000 katika kila maikrolita ya damu. Zikishuka sana, damu huanza kutoka yenyewe bila jeraha. Pua ni mojawapo ya sehemu inapojionyesha mapema. Kwa hiyo zile sindano mbili za mwaka jana huenda ziliushusha ugonjwa tu, hazikuung'oa.

Ukifika hospitali omba vipimo viwili: picha kamili ya damu, yaani hesabu ya chembe zake zote, na tone la damu kwenye kioo litazamwe kwa hadubini, maana huko huko tunaweza kukuta pia Babesia, mdudu mwingine wa kupe huyu huyu anayepasua chembe nyekundu. Mbwa wa Babesia mara nyingi hukojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, na dawa yake ni nyingine kabisa. Kipimo cha haraka kile cha tone moja kwenye kijiplastiki ni kizuri, ila kisomwe kwa akili: kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, na kingamwili hubaki miezi mingi baada ya ugonjwa kwisha. Kikitoka chanya kinasema Bosi alikutana na bakteria. Anaumwa leo au la, hilo linasemwa na hesabu ya chembe sahani na hali yake mwenyewe.

Ikithibitika, dawa ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo, kila siku, kwa siku 28. Kwa kilo 20 ni miligramu 200 kwa siku, kapsuli mbili za 100, jumla kapsuli 56. Uzito usikisie: mbebe, panda naye kwenye mizani ya bafuni, kisha panda peke yako, toa. Daktari aliyemwona ndiye aandike kipimo cha mwisho.

Kuna mambo matatu kuhusu kapsuli hizo ambayo maelezo ya kwenye pakiti hayatakuambia vizuri. Usimpe na maziwa, maana kalsiamu huishika dawa tumboni isiingie mwilini. Najua kwenu kapsuli inamezwa na uji wa maziwa, kwa Bosi usifanye hivyo. Usimpe kavu akiwa hajala kitu, kwa sababu kapsuli hii hupenda kunasa kooni na kuchoma vidonda humo; ifiche ndani ya tonge la ugali na kipande cha nyama, kisha hakikisha amekunywa maji. La tatu ndilo linalowashinda watu: siku ya pili au ya tatu Bosi atainuka, atatikisa mkia, atadai chakula. Utaona kapsuli zilizobaki ni uharibifu wa pesa. Ukisimamisha hapo, mwakani utaniandikia barua hii hii.

Kuhusu chakula, kimoja tu kinanisumbua, nacho ni mchuzi. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za mbwa. Tonge moja lenye mchuzi halikumfikisha hapa, lakini mchuzi wa kila siku kwa mbwa aliyepungukiwa damu ni mzigo juu ya mzigo. Mpikie wake kabla hujakaanga vitunguu: ugali, dagaa waliooshwa chumvi, maini kidogo, yai. Mifupa ya kuku iliyopikwa mnyime, huvunjika vipande vyenye ncha.

Haya, tuje kwa kupe, maana ndio wenye kesi. Unasema unawatoa kila siku na hawaishi. Hawawezi kuisha, kwa sababu unawatafuta kwa Bosi, na wengi wao hawako kwa Bosi. Kupe wa kahawia wa mbwa hupanda juu ya mbwa kunywa damu mara tatu katika maisha yake, akiwa kiluwiluwi, akiwa mchanga na akiwa mkubwa. Kila akishiba anashuka na kwenda kujificha. Jike aliyeshiba hutaga mayai mpaka karibu 4,000, na tofauti na kupe wa ng'ombe anayependa nyasi, huyu anapenda nyumba. Tena anapenda kupanda juu.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja nzuri, vigae sakafuni, mbwa wao ameoshwa mpaka ananukia sabuni ya mtoto, na bado kupe wamejaa. Nikaomba kalenda ishushwe ukutani. Nyuma yake, kwenye ufa wa plasta usiozidi urefu wa kiganja, walikuwa wamejipanga kama punje za ulezi, na pembeni rundo la mayai ya kahawia yanayong'aa. Mama mwenye nyumba alikaa chini palepale.

Kwako fanya hivi. Shusha picha na kalenda, tazama nyuma ya fremu za milango, chini ya zulia la Bosi, kwenye kona za dari. Nyufa zizibwe kwa saruji au plasta. Ziba kwanza kuliko kununua dawa ya bei kubwa. Zulia na matandiko yaloweshwe maji ya moto sana, yaanikwe juani. Kisha puliza dawa ya wadudu yenye saipamethrini au deltamethrini kwenye nyufa na nguzo, kwa kipimo kilichoandikwa, watoto na Bosi wakiwa nje mpaka pakauke. Rudia baada ya wiki mbili hadi tatu, kwani mayai hayafi kwa dawa hiyo na wapya watakuwa wameanguliwa.

Kwa Bosi mwenyewe, kama mfuko unaruhusu, kuna vidonge vya kutafuna vya kuua kupe. Vingine hufanya kazi mwezi mmoja, vingine miezi mitatu. Kama hauruhusu, dawa ya kuogesha yenye amitrazi inafaa, ila ile chupa ya kuogeshea ng'ombe usiichanganye kwa kukadiria kwa kifuniko. Nimewahi kupokea mbwa aliyelala kama gogo siku nzima kwa sababu hiyo. Na anayemtoa kupe kwa mkono atumie kibano, amshike karibu na ngozi, avute moja kwa moja. Mafuta ya taa na kiberiti ni vya kumuumiza mbwa bure, na kumpasua kupe kwa kucha humwaga uchafu wake kwenye vidole vyako.

Mama mkwe mpe heshima yake, lakini kumtoa Bosi leo ni kosa hata kwa usalama wa mtoto. Kupe huyu huchagua mbwa kwanza. Mbwa akiondoka, waliobaki ukutani hawafi haraka. Mkubwa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula, na akizidiwa na njaa huuma watu. Bosi kwa sasa ndiye chambo. Ukishampa kidonge, kila kupe atakayemuuma atakufa. Umwambie pia kwamba Bosi hamwambukizi mtoto Ehrlichia kwa kumlamba, na kwamba papasi anayewauma watu usiku kwenye nyumba za udongo ni wa aina nyingine, ingawa mitaani wote wanaitwa kupe.

Ila nikisema kweli, hofu ya mama mkwe ina mahali pake halali, na hukuligusa kwenye barua: kichaa cha mbwa. Mbwa anayelala kando ya mtoto lazima awe na kadi ya chanjo iliyo hai, kila mwaka. Kama Bosi hana, asichanjwe leo akiwa mgonjwa. Achanjwe akimaliza kapsuli na damu yake ikiwa imesimama.

Mpaka hapo ahamie barazani au jikoni, siyo chumbani kwa mtoto, mpaka ukague kuta siku kumi mfululizo bila kuona kupe. Siku atakapomeza kapsuli ya 56 mrudishe apimwe chembe sahani, kisha tena baada ya mwezi. Zikiwa zimepanda na kubaki juu, zulia lirudi kando ya kitanda.