Wanataka Leroy afungiwe: nikubali?

SWALI: Habari kaka. Nina banda la gemu hapa Mbagala Rangi Tatu, na kila Jumamosi naendesha mashindano ya Tekken 7, ile gemu ya ngumi. Wanakuja watu 24 hivi, kiingilio shilingi 2,000. Nina PS4 mbili, zote zina mhusika anayeitwa Leroy. Moja naiunganisha na intaneti, nyingine niliinunua mkononi na sijawahi kuiunganisha na chochote. Kuna dogo anacheza Leroy, kabeba Jumamosi tano mfululizo. Huwa anaomba acheze kwenye ile ya mkononi, eti pedi zake laini. Sasa wenzake wamegoma: Leroy afungiwe, la sivyo hawalipi kiingilio. Wengine wamedandia hapo hapo, wanataka na kukimbia-kimbia kupigwe marufuku, na pedi za turbo pia. Sisi ni watu wa mtaani tu, tuna haki ya kubadilisha sheria za gemu ya watu? Na kama tunayo, naanzia wapi?

JIBU: Kaka, sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe, pale uliposema dogo anapenda mashine ya mkononi. Nitarudi hapo. Nianze na hili la haki, maana naulizwa kila mara na watu wenye aibu kama yako.

Haki mnayo. Gemu ni ya kampuni, mashindano ni ya kwenu. Chukua sheria ambayo nina hakika unaitumia: aliyeshinda haruhusiwi kubadilisha mhusika, aliyefungwa ndiye anayeruhusiwa. Kwenye gemu yenyewe hakuna kinachomzuia mshindi kubadilisha. Ni utaratibu uliotoka enzi za mashine za sarafu, ambako mashine yenyewe ilimwacha mshindi na mhusika wake, wachezaji wakauendeleza hadi ukaonekana kama umezaliwa na gemu. Au tazama Super Smash Bros. Melee, gemu nyingine ya kupigana, ya mwaka 2001. Nintendo waliitengeneza iwe vurugu ya sebuleni, silaha zinadondoka toka juu, viwanja vingine vinakugeuka wakati unapigana. Wachezaji wa mashindano wakazima silaha zote, wakachuja viwanja vikabaki vichache, wakaweka maisha manne na dakika nane. Hawakuomba ruhusa. Hapa Dar nenda kijiwe kimoja cha drafti halafu uvuke barabara uende kingine, uone kama wanakubaliana kila kitu. Ubao ni ule ule.

Mwenye gemu naye ana mipaka yake, sikatai. Mwaka 2023 Nintendo walitoa mwongozo wa mashindano ya jamii unaoweka hadi idadi ya washiriki: 200 wakikutana ana kwa ana, 300 mtandaoni. Wewe una watu 24 na gemu ya kampuni nyingine. Kitakachokuletea shida Mbagala ni wale wanaosimama nyuma ya viti wakiwekeana dau. Hiyo ni kamari, na kamari kwetu ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na leseni zake. Wakataze leo kabla hujamgusa Leroy.

Sasa tuje kwenye kufungia. Kesi ambayo sisi waamuzi hatuachi kuirudia ni ya Akuma, kwenye Super Street Fighter II Turbo ya 1994. Alikuwa mhusika wa siri, na alirusha moto akiwa hewani, kitu ambacho wahusika wengine wa gemu ile hawakuwa na dawa yake ya maana. Kwenye mashindano ya Marekani akafungiwa, na sijawahi kusikia mtu mwenye akili akilia kwamba kaonewa. Kwenye gemu ile ile, wachezaji wakubwa wa Japani walikuwa wakimwepuka Sagat wa toleo la zamani bila sheria yoyote kuandikwa. Walikuwa hawamchagui tu. Tofauti hiyo iweke kichwani: Akuma aliivunja gemu, Sagat alikuwa kero.

David Sirlin, aliyekuwa mchezaji wa Street Fighter kabla ya kuwa mtengenezaji wa gemu, anataka marufuku ipite milango mitatu. Iwezekane kusimamiwa, iwe na mpaka unaoonekana, na iwe imestahili. Mimi huwa naupa mlango wa kwanza uzito kuliko miwili inayofuata, kwa sababu ndiye niliyekaa pale mezani watu wakipigiana kelele.

Jaribu kukimbia-kimbia kwenye milango hiyo. Mtu anaongoza kwa damu, yaani uhai uliobaki, zimebaki sekunde 15, anarudi nyuma. Hatua ya ngapi ndiyo kosa? Akirudi mara mbili akapiga teke moja, je? Utahesabu wewe, huku unauza vocha na kupokea kiingilio? Hiyo siyo sheria, ni ugomvi ulioandikwa kwenye karatasi. Muda umewekwa ili utumike, na Tekken ina kuta na viwanja vya kumbana anayekimbia. Tupilia mbali.

Pedi za turbo zinapita milango yote mitatu bila kupunguza mwendo. Kitufe kinabonyezwa mara moja, pedi inatuma mibonyezo mfululizo. Unaikagua kwa macho, kwa kuwa pedi nyingi za aina hiyo zinazouzwa Kariakoo zina kitufe kimeandikwa kabisa, na ukiwa na shaka ingia sehemu ya mazoezi, washa maonyesho ya vitufe, mwambie mwenye pedi ashikilie kitufe kimoja. Kikijirudia kwenye kioo, pedi inakaa nje. Dakika moja, hakuna mjadala. Hii ipitishe hata bila kura.

Leroy milango miwili ya kwanza anapita: ukimwona kwenye kioo umemwona. Swali ni kama anastahili, na hapa ndipo mashine yako ya mkononi inapoingia.

Leroy Smith aliingia Tekken 7 Desemba 2019 akiwa amezidi. Mwezi uliofuata, kwenye mashindano makubwa ya EVO Japan 2020, wachezaji sita kati ya nane wa mwisho walikuwa wanamtumia, na bingwa, Book wa Thailand, alikuwa mmoja wao. Watu wakapaza sauti afungiwe. Bandai Namco, wenye Tekken, wakatoa sasisho lililompunguza makali, na kelele nazo zikapungua. Leroy wa leo ni mtu mzuri tu, anapigika kama wengine.

Lakini sasisho linakuja kwa intaneti. Mashine isiyounganishwa haina habari nalo. Fanya hivi kabla ya Jumamosi: kwenye kila PS4, simama juu ya picha ya Tekken, bonyeza kitufe cha Options, fungua maelezo ya gemu, usome namba ya toleo. Zikitofautiana, basi huendeshi mashindano ya gemu moja. Unaendesha gemu mbili zenye jina moja, na dogo kaligundua hilo kabla yako. Akikwambia pedi laini, tabasamu. Simlaumu hata kidogo, hujawahi kuandika popote kwamba mashine ziwe sawa.

Tiba yake ni bando la simu na uvumilivu. Faili za Tekken ni nzito, mimi ningeiacha ipakue usiku. Ila kuna tahadhari kwa aliyenunua mkononi: Leroy ni wa kununua ziada, na huenda aliyekuuzia alimnunua kwa akaunti yake. Kama tangu hapo ameiondoa mashine hiyo kwenye akaunti, ukiiunganisha tu unaweza kukuta kufuli kwenye kila alichonunua. Mpigie simu muuzaji kwanza. Vinginevyo Leroy atajifungia mwenyewe, na kesi itaishia hapo.

Tuseme mashine zimekuwa sawa na dogo bado anashinda. Hapo nakuomba ufanye jaribio ambalo halina gharama. Jumamosi moja mwombe dogo acheze mhusika mwingine yeyote, na Leroy wape wale wanaolalamika zaidi. Dogo akibeba kwa King au kwa Law, mnachotaka kumfungia ni kijana aliyefanya mazoezi, na hilo siwezi kukusaidia. Akitolewa mapema na Leroy akafika fainali mikononi mwa mtu ambaye wiki iliyopita hakujua kombo moja, basi mna hoja, na mpige kura.

Kura yenyewe, nani apige? Hapa naiga kwa watu wa Pokémon, gemu ya kupambanisha wanyama. Smogon, jamii ya mashabiki iliyoanza mwaka 2004, ina utaratibu mkali kuliko baadhi ya vyama vya michezo ninavyovijua. Mnyama akishukiwa kuzidi nguvu, wanatangaza kipindi cha kumchunguza. Anayetaka kupiga kura lazima kwanza acheze mtandaoni hadi afikie kiwango kilichowekwa, huku mshukiwa akiwa huru kutumika. Ndipo inapigwa kura, na kwenye daraja lao kuu nusu na moja haitoshi kumfungia, inatakiwa asilimia 60.   Chukua hayo mawili: apige kura aliyeshiriki angalau Jumamosi tatu, na wote 24 wakitimiza, zitakiwe kura 15. Wapembeni wasipige.

Kwenye daraja hilo kuu walikuwa kwa miaka mingi na sheria nyingine nzuri, ya kutomlaza usingizi mnyama zaidi ya mmoja wa mpinzani. Kwenye uwanja wao wa mtandaoni programu yenyewe ilikuzuia. Wewe huna programu, una macho yako mawili. Ndiyo maana sheria nzuri ya mtandaoni inaweza kufa ikifika Mbagala.

Lolote mtakaloamua, lianze Jumamosi inayofuata. Usimfungie mtu fainali ikiwa inaendelea. Novemba 2014, kwenye mashindano ya DreamHack Winter, timu ya Fnatic ilipandana mabegani kwenye ramani ya Overpass ya Counter-Strike, gemu ya bunduki, ikapata sehemu ya kuwaona wapinzani wao LDLC ambayo waliotengeneza ramani hawakuikusudia. Wakashinda mchezo uliokuwa umekwenda mrama. Malalamiko yakaja, waandaaji wakaamua ramani irudiwe, Fnatic wakajitoa. Miaka imepita na bado watu wanabishana nani aliiba. Mwaka mmoja kabla, kwenye mashindano makubwa ya Dota 2, gemu ya timu mbili, timu ya Na'Vi walitumia mbinu ya kuwavuta wapinzani wao TongFu hadi kwenye chemchemi ya Na'Vi wenyewe, ambayo humuua adui, wakawamalizia humo. Kelele zilikuwa zile zile, matokeo yakabaki, na mbinu ikaondolewa baadaye kwenye gemu. Mimi niko upande wa kesi hii ya pili. Ambacho hakikuandikwa asubuhi kinaruhusiwa hadi jioni.

Na ongea na mabanda jirani. Mwaka 2011 kamati ya waandaaji wa Super Smash Bros. Brawl Marekani ilitangaza kumfungia Meta Knight kuanzia 2012. Hoja ilikuwa na nguvu, mhusika alikuwa kweli amewazidi wenzake wote. Lakini mashindano mengine makubwa yakaendelea kumruhusu, na marufuku haikudumu. Leroy akifungiwa Rangi Tatu na kuachwa huru Zakhem, dogo atapanda bodaboda, na nusu ya wateja wako watamfuata kumwangalia.

Kuna jambo umelisahau kabisa ambalo lina kesi nyingi kuliko Leroy: umeme. Andika leo, ubandike ukutani karibu na mita ya LUKU. Kwangu mimi, ukikatika, raundi zilizokwisha zinabaki, raundi iliyokatika inarudiwa kwa damu kamili, hata kama mtu alikuwa amebakiza ngumi moja. Wapo wanaompa ushindi aliyekuwa anaongoza. Nimewahi kujaribu hivyo, mtu akakutwa na mguu karibu na swichi.

Kwa Jumamosi hii, kabla bando halijamaliza kupakua: Tekken yote ichezwe kwenye mashine ile yenye intaneti, pedi zikaguliwe mlangoni, na dogo aachwe na Leroy wake. Hiyo mashine ya mkononi ipeleke upande wa wanaosubiri zamu, wacheze mpira.