Kongamano la Perl limepungua watu: je, tuhame?

SWALI: Natunza mfumo wa ofisini ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Perl. Kila mwaka nasikia makongamano ya lugha hii yanapungua watu, na sasa bosi anauliza kama tuuandike upya kwa lugha nyingine. Je, idadi ya wahudhuriaji ni kipimo cha kweli cha uhai wa lugha?

JIBU: Ni kipimo, ila cha kitu kingine. Wanaojaza ukumbi wa kongamano ni wageni wanaojifunza lugha, pamoja na wale ambao waajiri wao wako tayari kuwalipia nauli na hoteli. Mfumo wako hautegemei kundi lolote kati ya hayo ili uwake kesho asubuhi.

Perl ya Larry Wall ilitoka mwaka 1987, lakini kongamano lake la kwanza, lililoandaliwa na O'Reilly, kampuni ya vitabu vya kompyuta, lilifanyika 1997. Wakati huo skripti za CGI, yaani programu ndogo za seva zinazotengeneza kurasa, ndizo zilizoendesha sehemu kubwa ya wavuti, na nyingi ziliandikwa kwa Perl. Mwaka 1999 jumuiya yenyewe ikaanzisha YAPC, kongamano lake lenyewe, mjini Pittsburgh, kwa kiingilio nafuu. Watu walifuata kazi. PHP, Python, Ruby na JavaScript zilipoichukua kazi hiyo, wageni nao wakahamia huko.

Kwa maoni yangu, Perl 6, iliyotarajiwa kuwa toleo jipya la Perl, iliiumiza kuliko washindani wote hao. Ilitangazwa mwaka 2000, toleo lake rasmi la kwanza likatoka Desemba 2015, na 2019 ikabadilishwa jina kuwa Raku kwa kuwa ilikuwa lugha nyingine kabisa. Kijana aliyeambiwa miaka yote hiyo kwamba toleo jipya liko njiani angejifunza la zamani kwa sababu gani? Kisha ikaja korona, na mwaka 2020 O'Reilly ikafunga kitengo chake chote cha makongamano ya ana kwa ana. Hilo halikuihusu Perl peke yake, lakini lugha changa zilikuwa na wageni wa kuziba pengo. (Wajapani walipata njia yao: YAPC ya Tokyo ilifungua milango kwa mada zisizo za Perl, ikawa kubwa kuliko zote.)

Sasa tazama mambo ambayo ukumbi hauonyeshi. Toleo 5.38 la Perl lilitoka 2023, na 5.40 likafuata 2024. Sera ya watunzaji wa Perl ni kuhudumia mifululizo miwili ya karibuni ya matoleo imara, na marekebisho mazito ya usalama hufika hadi matoleo ya miaka mitatu nyuma. Kuna pia mkutano mdogo wa mwaliko, ulioanzia Oslo mwaka 2008 na sasa unaitwa Perl Toolchain Summit, ambapo watunzaji wa CPAN (hifadhi ya pamoja ya moduli, yaani vipande vya programu vya kutumiwa tena) na zana zake hukaa pamoja siku chache wakiandika programu. Mkutano huo ukikoma, hapo nitaanza kufungasha.

Hata hivyo, kupungua kwa makongamano kuna madhara. Mtunzaji wa moduli aliyechoka alikuwa akimpata msaidizi kwenye korido, wakati wa chai, si kwa barua pepe. Korido zikiwa tupu, moduli nyingi hubaki mikononi mwa mtu mmoja anayezeeka.

Kwa hiyo usimpelekee bosi hesabu ya viti. Orodhesha moduli zote mnazotumia, zipitishe kwenye cpan-audit ione zenye udhaifu unaojulikana, kisha angalia kila moja ilitolewa lini mara ya mwisho na ni wangapi wenye ruhusa ya kuipakia. Zinazogusa mtandao, usimbaji fiche na hifadhidata zipe macho zaidi. Moduli ndogo ya kupanga tarehe isiyoguswa miaka kumi huenda imekamilika tu. Matoleo ya moduli yafungeni kwa Carton, zana inayosakinisha matoleo yaleyale kila mahali, ili seva mpya isije na mshangao.

Mkikuta moduli nyeti zina watu, bakini. Lakini kama ofisi nzima ni wewe tu unayeusoma mfumo huo, bosi ana hoja, hata kama kongamano lingejaa hadi milangoni. Mtafute wa pili umfundishe. Asipopatikana, hameni kwa vipande: anzeni na sehemu zinazobadilishwa kila mwezi, ziandikwe upya nyuma ya API ileile (njia ambayo programu nyingine huwasiliana nazo), na zile zisizohitaji kuguswa ziacheni zifanye kazi yake.